Hatubebi Mizigo

Zuleha ndiye aliyelianzisha. Aliingia kwa Hosiana mchana mmoja na sare ya shule iliyochanika kwapani, na kabla hajaketi akasema, "Mama Witness, wewe umesoma. Hebu niambie, hizi video za magemu wanazoangalia watoto zinafaa? Salum wangu akishaanza, hata nikimwita kula hasikii."

Hosiana ni fundi cherehani wa Kihonda. Alimaliza chuo cha ualimu, ajira ikachelewa kuja, akakaa kwenye cherehani akisubiri, na mwishowe cherehani ndiyo ikawa ajira. Lakini mtaani wanamwita Mwalimu mpaka leo. Barua ya shule ikiwa ngumu kueleweka, huletwa kwake. Dawa ikiwa na maelezo ya Kiingereza, huletwa kwake. Kwa hiyo hakushangaa kuletewa na hili.

"Nitaziangalia," alisema. "Waite."

Wakaja wawili: Witness, binti yake wa miaka minane, na Salum wa Zuleha aliyemzidi kidogo. Wakaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Hosiana akawa anashona huku anatazama. Kwenye kioo vijitu vyenye rangi za pipi vilikuwa vinakimbia juu ya madaraja yanayoelea mawinguni. Aliyeteleza alipotea kama povu la sabuni. Aliyekuwa anacheza na kusimulia ni kijana aliyejiita Kaka Tufani, kicheko hakimkauki, na watoto walicheka kila alipocheka. Cherehani ya umeme ilikuwa inanguruma, sare ya Salum ikipita chini ya sindano.

Aliangalia video moja, ya pili, na nusu ya tatu. Hakuona damu. Hakuona mtu aliye uchi, wala kamari, wala uchawi.

"Hizi hazina shida," alimwambia Zuleha. "Zile za mazimwi na bunduki ndizo za kuzikataa."

Zuleha akashusha pumzi, na kabla jua halijazama akina mama wa mtaa mzima walikuwa wameshajua kwamba Mwalimu amezipitisha video za Kaka Tufani.

Siku chache baadaye Mzee Kasimiri, baba mkwe wa Hosiana, aliteremshwa kutoka Kinole, kijijini kwake milimani. Kiharusi kilimkuta shambani akichuma pilipili manga, kikamlegeza mguu na mkono wa kushoto. Hospitali ilimpangia mazoezi ya viungo. Mwanawe, Rogers, anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huko Kilombero na hurudi nyumbani mwisho wa wiki tu, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mzee na kumrudisha ilimwangukia Hosiana.

Aliipokea kwa moyo. Lakini asubuhi za mazoezi zilikuwa ngumu. Bajaji inapiga honi nje, Witness hajavaa soksi, mteja amesimama mlangoni anauliza gauni lake, na mzee bado anahangaika na kifungo cha pili cha shati. "Baba, twende, twende," Hosiana alikuwa anasema, na wakati mwingine alimfungia vifungo yeye mwenyewe bila kuuliza.

Aliyefurahi kuliko wote ni Witness. Babu na mjukuu walitaniana kutwa. Yeye alimwita babu Mzee Kobe, na babu, kwa ile lafudhi yake ya milimani inayopanda na kushuka, alimwita Panya wa Mjini. Jioni walitoka pamoja kufanya mazoezi ya kutembea, kutoka mlangoni mpaka genge la kona, mzee na mkongojo wake, mtoto akiimba namba za hatua.

Jioni moja mzee alirudi peke yake.

Hosiana alimkuta ameketi kitandani, mashati yake yamekunjwa yamepangwa juu ya mto.

"Nataka kurudi Kinole," alisema.

"Baba, mazoezi hayajaisha."

"Pilipili zitaharibika."

"Pilipili zina mtu wa kuziangalia, ulimwachia jirani. Kuna nini, Baba?"

"Hakuna kitu. Nimekumbuka nyumbani."

Akaomba chakula aletewe chumbani. Kesho yake pia, na keshokutwa. Kwenye mazoezi alikwenda kwa sababu bajaji ilikwishafika, lakini hakuzungumza njiani, na alianza kuamka mapema mno ili Hosiana akute ameshavaa. Alivaa vibaya, vifungo vimepishana, lakini ameshavaa. Kuona vile vifungo ndiko kulikomvunja Hosiana moyo. Akapiga magoti mbele yake.

"Baba, kama nimekukosea, niambie. Usiondoke na kitu moyoni."

Mzee akasema, "Juzi nilisimama kushika ukuta, nipumzike. Wenzake Witness walikuwa mbele, anataka kuwawahi. Akanigeukia, akaweka mkono kiunoni, akaniambia: Mzigo wewe. Toka kwenye timu. Hatubebi mizigo hapa."

"Yesu wangu! Baba, huyo ni mtoto, na ninyi ni watani…"

"Utani naujua, mwanangu. Ananiita kobe, nami nacheka. Angesema 'sikubebi', ningecheka vilevile. Lakini alisema 'hatubebi'. Nikajiuliza, yeye na nani? Nyumba hii mna watu watatu. Mtoto hatoi nje ila kilichosemwa ndani."

Hosiana alitaka kuapa, akaona kiapo nacho kitaonekana ni cha mtu aliyeshikwa.

Alimwita Witness nyuma ya nyumba. Mtoto aliinamisha kichwa. "Nilikuwa natania."

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Sijayatoa mahali."

Mkono ulimwasha, lakini alijizuia, kwa sababu lililokuwa linamsumbua lilikuwa kubwa kuliko adabu ya mtoto. Alimpigia simu mumewe. "Rogers, umewahi kusema Baba ni mzigo? Hata kwa mzaha?"

"Mimi?" Sauti ya Rogers ikapanda. "Mimi niko huku. Anayeshinda naye ni wewe. Jiulize mwenyewe."

Wakakata simu bila kuagana. Hosiana alirudi kwenye cherehani na kushona pindo lote upande usio wake.

Alikuwa analifumua umeme ulipokatika. Cherehani ikanyamaza, na redio ya jirani nayo. Katika ule ukimya alisikia sauti kutoka chumba cha pili, ambako Witness na Salum walikuwa wamejilaza na simu.

"Oyaa, mzigo huyo! Mtoe, mtoe! Hatubebi mizigo hapa!" Kisha kicheko, na watoto nao wakacheka.

Hosiana hakuinuka mara moja. Alikaa na pindo mkononi akisikiliza. Mchezaji mmoja alichelewa kuruka, akaitwa mzigo. Mwingine akauliza njia, akaitwa kilaza. Mwingine alikuwa na kigugumizi, na Kaka Tufani akamwiga mpaka wote wakavunjika mbavu. Hakuna tusi hata moja la nguoni, kila neno ungeweza kulitamka mbele ya mchungaji. Ndiyo video ileile aliyoipitisha, yenye madaraja na mawingu. Siku ile aliitazama, lakini hakuisikia.

Aliingia, akaichukua simu, akaenda nayo mpaka chumbani kwa mzee, watoto wakimfuata kwa hofu. Akailaza kitandani kifudifudi, kioo chini, akasema, "Baba, sikiliza."

Mzee alisikiliza. Lilipofika lile neno, alifumba macho.

"Ni huyu?" alimuuliza Witness.

Witness akaanza kulia. "Niliogopa nikisema, Mama atazifuta video."

"Usilie. Igeuze nione." Akaishika simu kwa mkono wake mzima, akaisogeza mbali na macho kama watu wazima wanavyofanya. "Huyu wanayemwita mzigo ni yupi?"

"Huyo wa kijani, Babu."

"Imekuwaje kwake?"

"Wamekata daraja. Ameanguka. Lakini hafi kweli, anaanza upya."

"Na hao waliomwacha, wanarudi kumchukua?"

Salum ndiye aliyejibu. "Hawarudi. Wakifika mwisho video inaisha."

Mzee aliendelea kutazama. Kijitu cha kijani kilikuwa kimebaki peke yake kwenye kipande cha daraja, kinarukaruka. "Mchezo wenyewe ni mzuri," alisema hatimaye. "Kuruka mawinguni, nani asingependa? Huyu anayesema ndiye simpendi." Akamrudishia Witness simu, akawaambia watoto watoke kidogo.

Hosiana alidhani yamekwisha. Mzee akamtazama.

"Neno ni la simu, nimelisikia. Lakini mwanangu, nililiamini upesi. Sikuuliza. Najiuliza kwa nini nililiamini upesi hivyo."

Hosiana angeweza kusema ni ugonjwa, kwamba mgonjwa huwa mwepesi wa kuumia. Badala yake alitazama shati la mzee.

"Asubuhi huwa nakuharakisha, Baba. Nakufunga vifungo kama mtoto."

"Ndiyo," alisema mzee. Hakumwambia si kitu. Lakini usiku ule alikula mezani.

Kazi ya kwenda kwa Zuleha ilikuwa chungu. Hosiana alimkuta anapepeta mchele, akasema bila kuzunguka, "Zile video nilizosema hazina shida, nilikosea."

Zuleha aliuweka ungo chini. "Mwalimu! Nami nimeshawaambia watu." Aliposimuliwa, hakukubali upesi. "Mzigo tu? Kwani sisi wenyewe hatusemi? Juzi nimemwita Salum mzembe mbele za watu."

"Ulimwita mara moja, na baadaye ukampakulia wali. Huyu anamwita mtu mzigo, anamwacha, na watoto wetu wanajifunza kucheka hapo."

Zuleha akauinua tena ungo, akalichekecha hilo moyoni pamoja na mchele wake. Wakakubaliana kukaa na watoto Jumamosi, wasikilize kwanza ndipo watazame.

Jumamosi ile ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Watoto walitetea video zao kama mawakili. Video ya kupamba keki, ambayo kila mtu alidhani haina kosa, akina mama waliikataa kwa sababu kila baada ya muda mfupi ilimsihi mtoto amwombe mama simu aguse kitufe cha kununua. Nyingine ilikuwa na mazimwi, pango, na giza la kutisha. Hosiana alinyosha mkono kuizima, Witness akamzuia. "Mama, subiri. Hawa wanasubiriana." Ilikuwa kweli. Dada aliyekuwa anacheza kwenye video alirudi mara tatu pangoni kumfuata mwenzake aliyepotea, na alipokosea alisema, "Nisameheni, ni mimi."

Rogers, aliyefika asubuhi ile na kukaa karibu na baba yake kimya kama mtu aliyekuja kuomba msamaha, alishangaa. "Mazimwi haya ndiyo mnayaruhusu?"

"Kwa Witness naruhusu," alisema Hosiana.

"Mimi kwangu hapana," alisema Zuleha. "Salum sawa, lakini yule mdogo wake akiona hilo dude, nitalala naye mwezi mzima."

Basi hawakukubaliana, na hakuna aliyetangaza chochote mtaani. Akina mama wengine walipouliza, Hosiana aliwaambia wakae na watoto wao wasikilize, na wapo waliokasirika, kwa sababu walitaka jibu la ndiyo au hapana kutoka kwa mtu aliyesoma. Salum naye aliendelea kumtafuta Kaka Tufani kwenye simu ya binamu yake, wala haikuwa siri.

Witness hakuwahi kutoa hotuba ya kuomba radhi. Siku moja tu, wakiwa wamekaa kibarazani, alimuuliza babu yake kama ule mguu unauma au umelala. Mzee alifikiri, akasema, "Umelala. Naugongagonga mlango, siku nyingine unaitika." Mtoto akaupapasa mguu kwa kiganja, kuanzia gotini mpaka kisiginoni, akiuliza kila mahali kama hapo anasikia. Mahali pengi alisikia. Mahali pengine hakusikia, na mzee hakumficha.