Mji Alionipa Mwanangu

Kitendawili. Sema "tega" basi, hata kama ni kimoyomoyo, masikio yangu bado mazima. Kwetu amekuja mgeni. Hali, hanywi, hatandikiwi kitanda, na kila kukicha ananenepa. Ni nani huyo?

Usikimbilie kujibu. Mjukuu wangu alikimbilia akapotea njia, na yeye ni mtoto mwerevu. Ngoja kwanza nikueleze nyumba yetu ilivyo.

Naishi na mwanangu na mkewe, pamoja na binti yao tunayemwita Kasuku, kwa sababu maneno hayamlali kinywani. Mwanangu na mkewe wote ni wahadhiri, chuo kikuu kimoja, jengo moja, ngazi tofauti. Mume yuko juu, anafundisha mambo ya kompyuta. Mke yuko chini, anawafunda wanaokwenda kuwa walimu wa shule za msingi. Mimi mwenyewe shule yangu iliishia huko huko msingi, kwa hiyo huwa namtania mkwe wangu kwamba ndani ya nyumba hii mimi na yeye ndio tuliosoma kitu kimoja.

Mwanangu jina lake la nyumbani ni Profesa. Alilipata akiwa darasa la pili, siku alipoifungua redio ya marehemu baba yake, akatoa kila kilichomo, akakirudisha, na redio ikaimba. Iliimba kwa sauti ya mtu mwenye mafua, lakini iliimba. Tangu hapo jina likamganda. Uprofesa wenyewe wa chuoni bado yuko njiani kuufuata, ila humu ndani ukisema "Profesa", anayeitika ni yeye.

Na huko kuitika ndiko kulikoleta maneno.

Yeye na mkewe walikuwa na utafiti wa pamoja na chuo kimoja cha ng'ambo, nchi ya baridi. Mwanangu alitengeneza programu ya kufundisha watoto kusoma, ikawekwa kwenye vishikwambi, vile vibao vya kioo vinavyotekenywa kwa kidole. Wale wa ng'ambo wakavipeleka kwenye shule zao, mkwe wangu akavipeleka kwenye shule za huku. Kila wiki walikutana kwenye kompyuta hapo sebuleni, wakaambiana watoto wamefika wapi. Mimi nilikuwa napita na chai yangu nazipungia zile nyuso, nazo zinanipungia. Tulikuwa marafiki wazuri, na hatukuwahi kuelewana hata neno.

Enzi hizo waliuita "mradi wetu". Walibishana mpaka chakula kinapoa, kisha wanacheka, kisha wanabishana tena. Nyumba yenye ubishi wa namna ile ina afya.

Sasa, darasani kishikwambi kimoja kilikuwa cha watoto wanne. Mwenye kidole chepesi alibonyeza, wengine wakawa watazamaji wa mpira. Mwanangu akasema dawa ni kuongeza vishikwambi. Mkwe wangu hakubisha. Alikwenda akakaa chini na wale watoto, muhula mzima, akaja kubadilisha jambo moja tu: aliyeshika kibao haruhusiwi kujibu. Kazi yake ni kusoma swali kwa sauti na kuwauliza wenzake, nao wakikubaliana ndipo yeye abonyeze. Zamu inazunguka. Basi hata yule mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake ikabidi asome, maana usiposoma sawasawa wenzako hawajui unauliza nini.

Wale wa ng'ambo, ambao kwao kila mtoto ana kibao chake na darasa limenyamaza kama msibani, walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Wakasema aje mtu mmoja kutoka huku, akae nao mwaka mzima, aongoze kazi ya vyuo vyote viwili.

Siku ya kumtaja mtu huyo, mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa amejifunza salamu yetu. Akaitamka polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

"Habari za asubuhi, Profesa?"

"Nzuri sana," mwanangu akaitika, akavuta kiti mbele.

Yule mama akatabasamu, akangoja. Macho yake yalikuwa kwa mkwe wangu; kwao kila mhadhiri huitwa profesa.

"Baba," Kasuku akasema, "hajakuita wewe."

Jioni ile mwanangu alikuwa jikoni akipiga pasi shati lake, mkewe akiosha vyombo, mimi nikichambua mchele mezani. Hawakunificha kitu, mtu mzima akishika ungo, watu humsahau.

"Hongera," mume akasema, kama anayetema mbegu ya chungwa.

"Sijasema naenda."

"Nani atakuzuia?"

"Sikusema kuna wa kunizuia. Nakuuliza, mwenzangu. Niende?"

"Programu nimeandika mimi. Wewe umebadilisha nani aishike. Yaani mimi nimejenga nyumba, wewe umesogeza kiti, sifa zimekwenda kwa msogeza viti."

"Nyumba isiyo na pa kukaa ni ghala, mume wangu."

Nikacheka chini ya ungo. Yeye hakucheka. Mkewe akakausha mikono taratibu, akamgeukia.

"Haya, niambie kitu kimoja tu. Ungekuwa wewe uliyeitwa, ungeniuliza mimi?"

Pasi ilipumua mvuke. Mwanangu akaigeuza kola, kola ambayo ilikuwa imeshanyooka, akaanza kuipiga upya. Alipomaliza kola akapiga mikono, akapiga mgongo, akalitundika shati, akaondoka.

Kuanzia hapo yule mgeni wa kitendawili changu akawa anakaa nasi mezani. Mwanangu hakumwita tena mkewe kwa jina. "Nisogezee chumvi, Profesa." "Profesa, gesi imekwisha." Siku ya mkutano hakutokea, kisha akalalamika kwamba mikutano inafanyika bila yeye. Mkewe akicheka kwenye simu, yeye anauliza ni nani. Akiambiwa ni yule mama wa ng'ambo, anauliza kwani kuna kichekesho gani katika utafiti. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye ukumbi, nje ya mlango uliofungwa, na glasi ya maji ambayo hanywi.

Nilimzaa mimi, wivu wake naujua kwa sura. Kidevu huingia ndani, kama kobe anayetafakari. Nilikiona mara ya kwanza siku nilipotoka hospitali nimembeba mdogo wake.

Na mimi ningesema nini? Mwana ni wangu, uchungu wake niliuonja mwenyewe. Lakini mkwe naye ndiye anayenikata kucha za miguu, sasa kwa kuwa mgongo wangu umekataa kuinama. Kila Jumamosi huniwekea beseni la maji ya moto, anakaa kwenye kigoda, anaushika mguu wangu kama yai. Ukiwa na watu wawili wa namna hiyo, mdomo unaupa likizo.

Ikafika asubuhi ya mazungumzo ya mwisho. Mkwe wangu alitakiwa aeleze mbele ya wakubwa wa vyuo vyote viwili ataifanyaje kazi ya mwaka huo. Akajifungia chumbani kwao na kompyuta, amevaa gauni lake la kijani la mahafali.

Kile kisanduku cha intaneti kinakaa chumbani kwangu, juu ya kabati, eti ndio katikati ya nyumba. Kina vitaa vya kijani ninavyoviita macho ya paka. Nikiamka navikuta vimenikodolea. Nilikuwa nimekaa kitandani nashona upindo wa sketi ya Kasuku, namsikia mkwe wangu nyuma ya ukuta akizungumza, sauti imetulia, inapanda na kushuka, raha kuisikia hata kwa asiyeelewa.

Mwanangu akaingia. Hakunisalimu.

"Mama, hiki kimepata joto. Nakipumzisha."

Akachomoa waya. Paka akafumba macho.

Nyuma ya ukuta sauti ikakatika, halafu ikarudi ikiwa nyingine. "Mnanisikia? Halo? Mnanisikia jamani?"

Mwanangu alisimama pale na ule waya mkononi, kidevu kimeingia ndani. Nilichomeka sindano kwenye mto, nikanyanyuka, magoti yakalia kama mlango wa zamani, nikanyoosha kiganja. Alinitazama. Kisha akanipa waya, kama mtoto aliyekutwa na wembe.

Sikujua unaingia tundu gani. Nilijaribu hapa, nikajaribu pale, yeye amesimama tu, mtaalamu mzima wa kompyuta, hanielekezi wala haondoki. Mwishowe ukazama. Paka akafumbua jicho moja, akafumbua la pili.

"Mama..."

"Nenda kanywe maji, mwanangu."

Wale wa ng'ambo walikuwa wamengoja. Mkwe wangu akamaliza alichokuwa anasema, wakampigia makofi, wakamwambia nafasi ni yake, wanangoja neno lake tu wiki ikiisha. Alipotoka chumbani akasema mtandao ulisumbua kidogo. Hakumtazama mtu.

Lakini neno lenyewe hakulituma. Kompyuta ilikaa imefungwa, juu yake kikombe. Jumamosi, mguu wangu ukiwa mapajani mwake, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama, nafikiri nitawaambia hapana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mtu huondoka kwenda mbali akijua pa kurudi. Mimi hapo mlangoni tu tayari nimeshaanza kupotea."

Akanikata kucha ya kidole gumba kwa uangalifu wote wa dunia. Nikaona kwamba likizo ya mdomo wangu imekwisha.

Jumapili mchana tukakaa mezani wote wanne. Wali, mboga, papai lililokatwa. Kila mtu anatazama sahani yake.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega!" Kasuku akaruka.

Nikatega kile nilichokutegea wewe.

"Vumbi," Kasuku akasema.

"Vumbi ukilifuta linatoka. Huyu ukimfuta anahamia chumba cha pili."

"Kivuli," akasema mkwe wangu kwa sauti ndogo.

"Umekaribia, mama. Ila kivuli mchana hukonda. Huyu hakondi. Haya, Profesa, zamu yako."

"Mama, tule kwanza."

"Tunakula. Mdomo una kazi mbili, na wako hata moja haufanyi vizuri siku hizi."

Akasogeza wali kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa au hutaki?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Chukua huu tunaokaa."

"Huu nilikuwa nao kabla hujaota meno. Ongeza."

"Chukua mji mkuu."

"Wenye foleni ile? Baki nao."

Kasuku akacheka. Hata mkwe wangu mdomo ukamcheza.

"Sasa unataka upi, Mama?"

"Nipe ule wa ng'ambo. Ule wa yule mama mwenye miwani ya kamba."

Kijiko kikatulia.

"Ule si wangu," akasema. "Siwezi kuutoa."

"Kama si wako, mbona umekaa langoni pake?"

Kasuku akafungua mdomo. Nikautia kipande cha papai. Tukamsikiliza akitafuna. Mwanangu aliitazama sahani muda mrefu, kama alivyoitazama ile redio siku ile, vipande vyote viko mezani na hajui aanze na kipi.

"Chukua," akasema. "Chukua, Mama. Nimekupa."

Nikamgeukia mkwe wangu, nikamfungulia kiganja kama ninayerudisha chenji. "Shika mwanangu. Mimi magoti yangu na baridi haviivani."

Hakushika. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Ni mimi niliyezima kile kisanduku," mwanangu akamwambia. "Hakikuwa na joto."

"Najua."

"Unajua?"

"Umeme ungekatika, feni ingesimama. Ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu muda wote."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Nilikuwa nangoja," akasema mkwe wangu. "Na hilo la kisanduku silo nililokuuliza."

Akajua ni lipi. Hata mimi nililijua. Lilikuwa limetundikwa humu ndani pamoja na lile shati tangu jioni ya pasi. Kidevu chake kikatoka nje, kidogo kidogo.

"Nisingekuuliza," mwanangu akasema. "Ningefunga sanduku langu, nikuage."

Mkwe wangu akanyoosha mkono, akauchukua mji wake kiganjani mwangu.