Damu ya Sukari

Mpelelezi alipiga magoti kwa shida, akachovya kidole kwenye damu sakafuni, akakinusa. Sukari.

"Ile ya kweli tuliipiga deki jana," alisema mama wa picha, ambaye kazi yake ni kupiga picha kila kitu ili kesho kifanane na jana. "Hii nimeimwaga mimi, nikifuatisha picha. Tulikuwa hatujamaliza kurekodi filamu."

Jamani. Miaka ishirini na sita kazini, hajawahi kuona mahali pa mauaji pakioshwa, kisha pakachafuliwa upya.

Marehemu alikuwa dada anayeanguka na kupigwa risasi badala ya nyota wa kike. Bastola ilitakiwa iwe tupu. Mzee wa vifaa, anayetunza silaha na kupika damu ya bandia, alikuwa tayari mahabusu, maana ufunguo wa kabati ni wake. Mpelelezi aliomba picha. Kamera ya yule mama hutoa karatasi papo hapo, moja tu. Na katika mojawapo alikuwamo mwigizaji mkuu wa kiume, mkwe wa waziri, kabati wazi nyuma yake, akitia risasi kwenye bastola.

"Yule dada alimkataa," mama alisema polepole. "Hapa hakuna asiyejua."

Mkuu wa kituo cha polisi aliipokea picha, akaitazama. Akauliza kama kuna nakala nyingine.

"Ni hiyo tu, mkuu."

Hapo ndipo mpelelezi alipojikwaa ulimi, na alijua kabla hajafunga mdomo. Picha iliingia kwenye mtoto wa meza. Kitasa kikalia.

"Na mzee wa vifaa?"

"Ufunguo ulikuwa wa nani?" mkuu aliuliza. "Umechoka, ndugu yangu. Kapumzike."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kituoni kwao walikuwa wameishia nusu ya kwanza.

Keshokutwa yake watu wa filamu walipiga simu. Damu imetuishia, na mpishi wake mnaye nyinyi; tuazimeni saa moja tu. Mkuu alikubali. Aliyetumwa kumpeleka ni mpelelezi.

Mzee alikoroga sufuria kwa mikono miwili, pingu zikigonga ukingo. Hakuuliza habari za kesi. Aliinua mwiko, akamwonyesha mama wa picha.

"Imefanana?"

Mama alitazama picha yake ya damu, akatazama mwiko. Hakumtazama mpelelezi.

"Ongeza rangi kidogo, baba."