Kofia Nyekundu Melini

Ragnhild alipomaliza kupima vijigamba vya tope la sakafu ya bahari, vinavyotunza habari za joto la kale, alimfokea mumewe mbele ya maabara nzima ya Bergen.

"Torleiv! Kwa tope lako hili, bahari ilichemka enzi za barafu, ikaganda leo!"

Torleiv, aliyelipokea melini bomba lililojaa tope hilo, jipya juu na la kale chini, akakuna kichwa. "Basi nilibandika lebo ya 'juu' upande wa chini."

"Mtu mzima na mvi zako! Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Ile kofia nyekundu uliyovaa melini inakupendeza mno."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa!"

Safari iliyofuata, bomba lilipotoka majini, Ragnhild aliandika "juu" na "chini" kwa mkono wake mwenyewe. Kofia alikuwa ameivaa.