Maji ya Swali la Saba

Huyo mwalimu kijana aliletwa shuleni mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa nne Mama Kitabu hakuweza hata kumtazama usoni. Jina la Mama Kitabu alipewa na wanafunzi, maana ukimuuliza swali la sayansi alikujibu, "Kitabuni imeandikwa," basi, kwisha maneno. Miaka kumi na tisa alifundisha hivyo na watoto walifaulu. Sasa mkuu wa idara ya sayansi alikuwa anastaafu, na kila mtu alijua kiti kile ni cha nani. Alijua, mpaka alipokuja huyu.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Umejuaje, kwa sababu hilo ndilo swali lake kwa kila jibu. Darasa lake lilikuwa na kelele kama soko, na kengele ya mapumziko ikilia hakuna aliyetoka. Mama Kitabu alipita dirishani akijifanya anaenda chooni, siku moja mara tatu. Tusifichane, wivu ulimkaba. Wa kwake walikuwa mlangoni kabla hajafunika kalamu.

Na nyumbani je? Bintiye wa kumzaa alisoma darasa la kijana huyo huyo.

"Maziwa yameharibika," Mama Kitabu alisema asubuhi moja.

"Umejuaje, Mama?"

"Nimeyanusa! Au ulitaka yaniandikie barua?"

Mtoto akacheka, akayanusa na yeye. Zamani neno la mama yake alikwenda kulitangaza kwa wenzake kama lilivyo. Sasa analinusa kwanza! Mama Kitabu aliyamwaga yale maziwa kwa hasira, mpaka yakamrukia kwenye sketi.

Ndipo ukaja mtihani, na kusahihisha kukamwangukia yeye. Swali la saba: maji huchemka yakifika nyuzi ngapi? Mtoto wa darasa la nne anajua ni mia. Darasa la kijana, wanafunzi thelathini na wanane, wote waliandika tisini na tano. Wote, na bintiye humo humo! Wakikosa wote kosa moja, si wamelishwa? Mama Kitabu alifurahi, Mungu amsamehe. Alipiga alama za X thelathini na nane kwa wino mwekundu, akabeba furushi zima hadi kwa mwalimu mkuu.

"Wameibia mtihani," alisema. "Na aliyewapa jibu ni mwalimu wao. Mtu wa hivyo ndiye wa kupewa idara?"

Mwalimu mkuu hakupenda maneno ya kusemana pembeni. Akamwita kijana.

"Sikuwapa jibu," kijana alisema. "Waliyapima wenyewe maabara."

"Basi kipimajoto chako kibovu!"

"Huenda, mwalimu. Tupime kwa chako."

Loo, kijana alijitega mwenyewe! Mama Kitabu alitangulia maabara kifua mbele, wanafunzi nyuma wakijazana, akafungua kabati lake na kutoa kipimajoto chake. Kilikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani. Ilibidi aichane kwa meno.

Maji yakabandikwa. Yakaanza kutokota, na kipimajoto kikapanda mpaka tisini na tano, kikagoma. Mama Kitabu akaongeza moto. Maji yakaruka mpaka mezani, kipimajoto hakikusogea hata kidogo.

"Mji wetu uko juu sana," kijana alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko tusi. "Hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Mia ya kitabuni ni ya huko chini, usawa wa bahari."

Bintiye akasogea karibu, daftari wazi, kalamu tayari. Hakuwa na dhihaka hata chembe. Alikuwa na uhakika kwamba mama yake anayo namba nyingine, iliyo bora, ya kumshinda kijana.

"Mama, wewe ulipoyapima ulipata ngapi?"



"Sijawahi kuyapima," Mama Kitabu alisema.

Mtoto hakuandika. Aliitazama ile nailoni iliyochanika mezani, kisha akalifunga daftari taratibu, wenzake wasione.

Kesho yake kiti cha idara alipewa kijana, na hilo Mama Kitabu angelimeza hivyo hivyo kwa shida. Lakini kufungwa kwa daftari lile, mtoto akimwonea huruma mama yake, kulimkwama kooni na hakukushuka.