Mgeni Mpendwa, Usiguse Mimea

Dada yangu Fancy alikaa Pwani miezi michache tu, na tayari ungedhani hakuzaliwa kwetu Roret, bara kwenye mashamba ya chai. Kwenye simu alitamka maneno kwa madaha mpaka Baba akawa anauliza anaongea na nani.

Alikuwa mtembezaji wa wageni, wa majaribio, kwenye hifadhi moja kando ya bahari. Jumamosi hiyo meneja angemfuata nyuma asikilize kazi yake, kisha aamue kama atamwajiri kabisa au atamrudisha alikotoka. Fancy, kwa hekima yake yote, aliamua wageni wa siku hiyo wawe sisi.

Basi tukakodi gari la kanisa, tukapakia chapati, chupa za chai na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kana kwamba huko Pwani watu hawali. Baba alivaa suti na sweta ndani. Joto lilimpokea langoni kwa heshima zote, lakini koti halikutoka. Baba, Mzee Johana mwenyewe, havui koti mbele ya meneja.

"Wageni wapendwa, karibuni," Fancy alisema, kana kwamba hatukuwahi kugombania blanketi moja. "Tafadhali msiguse mimea."

Tulioneshwa kobe mkubwa kuliko ndama. Baba akauliza anatoa nini.

"Hatoi chochote, mgeni."

"Na mnamlisha?"

Meneja akakohoa. Tukapelekwa kwenye kitalu cha mikoko: njia nyembamba, miche pande zote mbili, mistari imenyooka. Fancy akaeleza jinsi mikoko inavyozuia mawimbi yasile ufuo, na alieleza vizuri mpaka nikasahau kumcheka.

Mama alikuwa nyuma kabisa. Amechuma majani chai tangu kabla hatujazaliwa, na mikono yake haimwombi ruhusa. Na mche wa mkoko, kwa ubaya wake, huishia juu na majani mawili na kichipukizi katikati, vilevile chai inavyochumwa. Tulipogeuka mwisho wa kitalu, tulikuta mistari miwili imekatwa vichwa, sawasawa kama meza, na leso ya Mama imejaa.

"Huyu mgeni ni nani?" meneja aliuliza kwa upole wa kutisha.

Fancy angeweza kusema hamjui. Nilimwona akilifikiria.

"Ni mama yangu," alisema, na lafudhi yote ya Pwani ikampotea mdomoni. "Hiyo mikono ndiyo imenisomesha."

Meneja aliguswa sana. Akamfuta kazi.

Tulirudi na Fancy na masanduku yake. Mama aliikalia mikono yake njia nzima, hata chapati hakugusa.

"Mimi sikujua, Fancy," alisema tulipopita Kedowa, tukikaribia nyumbani. "Mkono iliona tu majani."

Niliumia kumwona vile.

Jumatatu Mama aliingia shambani, akasimama tu mbele ya chai, mikono imeng'ang'ania kamba za kikapu. Hakuchuma hata jani. Fancy akaja na kikapu chake, akasimama wima mbele yake na kuitoa ile sauti ya Pwani.

"Mgeni mpendwa, tafadhali usiguse mimea."

Mama alicheka mpaka akaiegemea michai. Kisha akaanza kuchuma.