Aliyetembea Nyuma

Mkamwana wangu Gwantwa amenipikia kwa miaka sita na sijawahi kuuona uso wake. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani uzee umenivuruga. Hapa kwetu Mbebe, katika milima ya Ileje, tulirithi desturi kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Ni heshima. Tukikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Akipita uani, mimi nageukia ukuta mpaka nisikie mlango wa jiko. Wenzangu wengi wamekwisha kulegeza, siku hizi utawakuta wamekaa meza moja na wakwe zao wanagombea paja la kuku. Mimi sikulegeza. Ni mkaidi, na marehemu mke wangu Ruti alinikumbusha hivyo kila Jumapili tukitoka ibadani.

Ruti ndiye aliyekuwa daraja letu. Nikitaka chai namwambia Ruti, naye anamwambia Gwantwa. Alipofariki na waombolezaji wakaondoka, tulibaki wawili katika boma lile, na juma zima hakuna aliyesema neno. Nilikunywa uji usio na sukari kwa sababu sikuwa na wa kumtuma. Kisha asubuhi moja nikasikia sauti kutoka jikoni:

"Karani, mwulize baba kama uji una sukari ya kutosha."

Karani ni paka.

"Karani," nikajibu huku nimeikazia macho mibuni yangu, "mwambie hauna hata chembe."

Tangu siku ile paka yule alibeba mazungumzo yote ya nyumba yetu, na mshahara wake ulikuwa dagaa. Alipeleka habari za mvua, za mbegu ya mahindi, za ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye maharage. Hata shikamoo aliipeleka yeye.

Mume wa Gwantwa ni mwanangu Felix, mtoto wangu wa pekee. Alikwenda Tunduma kutafuta kazi, akapata utingo kwenye malori yanayovuka kwenda Zambia. Mwanzoni alirudi kila mwezi, baadaye kila Krismasi, baadaye tukawa tunapata sauti tu. Mwaka jana alipiga simu, nami huweka sauti kubwa kwa sababu masikio yangu hayaaminiki.

"Muli shani, batata?" akanisalimu kwa Kibemba chake cha Zambia, utafikiri nilimzaa Ndola. Kisha akaniambia kwamba huko Ndola ana mke, na mtoto wao ameshaanza kutembea.

Jikoni mwiko ulinyamaza kwenye sufuria. Nilimwambia Felix kwamba mama yake angekuwa hai angemchapa na mwiko huohuo. Akacheka, akakata simu. Siku ile Karani hakutumwa na mtu. Ugali ulikuja kwa wakati wake, umefunikwa vizuri.

Miezi michache baadaye, nikiwa nimekaa barazani, sauti ikatoka tena.

"Karani, mwulize baba. Hivi mwalimu aliyestaafu bado anakumbuka Kiingereza, au kimeshaliwa na panya?"

Mimi nimefundisha fasihi ya Kiingereza maisha yangu yote ya kazi. "Mwambie huyo mama alete maswali," nikasema, "tuone nani ameliwa na panya."

Kumbe alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa kidato cha tano tulipomposa, akaacha shule. Kituo chake cha mtihani kilikuwa Tunduma, ambako angefikia kwa shangazi yake, Gwalugano. Nilielewa mara moja. Hakuna mtu anayehangaikia kidato cha sita ili aje apalilie maharage Mbebe. Akifaulu ataondoka, nami nitabaki na paka. Nililijua hilo tangu somo la kwanza, na bado nikamfundisha, mwanzoni kwa sababu ya kiburi changu. Baadaye ikawa kila ikikaribia saa tisa alasiri najikuta nimeshakaa kwenye kigoda, nimenyoa ndevu, nasubiri.

Darasa letu lilikuwa hivi. Mimi barazani, mgongo kwenye dirisha la jiko. Yeye ndani, nyuma ya dirisha. Karani katikati, kwenye kizingiti cha dirisha, amelala. Tulipita sarufi, tukapita insha, tukafika kwenye ushairi. Hapo nikapata nguvu za ujana.

Kulikuwa na shairi moja ambalo nimelifundisha tangu nilipoajiriwa. Liliandikwa na Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria, mmoja wa wale waliopenda visa vya kale vya Wagiriki kuliko visa vya kwao. Kisa chenyewe ni cha mpiga zeze aliyefiwa na mkewe. Akashuka mpaka kuzimu, akapiga zeze mbele ya mfalme wa wafu, na mfalme akalainika. Akaambiwa: mchukue mkeo, tangulia, naye atakufuata nyuma. Lakini usigeuke kumtazama mpaka mfike juani. Wakapanda, yeye mbele, mke nyuma. Walipokaribia mlango wa pango, mume akageuka. Mke akarudi kuzimu, safari hii moja kwa moja.

"Swali la mtihani huwa ni lilelile," nikamwambia Karani. "Kwa nini mume aligeuka? Jibu ni kwamba alikosa imani. Mshairi anatufunza subira. Angalia ubeti wa mwisho, giza na nuru vinavyopambanishwa. Andika hivyo, chukua maksi zako."

Nilisikia kalamu ikiandika. Kisha nikasikia imewekwa chini.

"Karani, mwulize baba. Katika beti zote hizi, mke amesema nini?"

Nikafungua kijitabu. Nimelifundisha shairi lile kwa madarasa mangapi, Mungu ndiye anajua, na ilinibidi nipitie ubeti baada ya ubeti kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili. Mume anaimba, mfalme anasema, hata mbwa wa kuzimu anabweka. Mke hana neno.

"Hajasema kitu," nikakiri.

"Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini huyu yupo, Karani. Yupo hatua chache tu nyuma ya mumewe, na bado lake halipo. Sasa mwulize baba, nani alimwuliza kama anataka kurudi?"

"Nani asiyetaka kurudi duniani?" Nilisahau kumtaja Karani. Ilinitoka tu.

Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya taratibu, ya mtu aliyelifikiria jambo kwa siku nyingi akiwa peke yake.

"Ubeti wa tatu, mume anaimba habari za nyumba yake tupu. Wa nne, kitanda chake. Wa tano, jiko lake lisilo na moto. Yote ni yake. Mwambie baba, huyu hakumfuata mke. Alifuata dawa ya upweke wake. Na aligeuka kwa sababu hakusikia hatua. Mke alikuwa amesimama. Alisimama njiani, anangoja aachiwe, kwa sababu hana neno la kuomba."

Niliwaka. Nilimwambia Karani kwamba jibu la namna hiyo ni sifuri, tena sifuri yenye mstari chini yake. Kwamba mshairi hakuandika popote kuwa mke alisimama. Nikachukua mkasi wa kupogolea nikaenda shambani, nikakata matawi ya mibuni, yenye haki na yasiyo na haki.

Lakini mtu huwezi kupogoa mpaka kesho. Nilikaa chini kati ya mistari ya kahawa na maneno yake yakanifuata pale. Jiko lisilo na moto. Mimi ndiye niliyetuma mshenga kwao. Kwa desturi yetu aliyempokea kwenye boma ndiye wa kumtoa, kwa hiyo tangu Felix atangaze mke wake wa Ndola, Gwantwa alikuwa anasubiri neno kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nasubiri ugali. Kila siku nilijiambia kwamba akiwa na shida atamtuma Karani. Shida yenyewe ndiyo ile ambayo mkamwana hawezi kuisema, hata kwa paka. Nilijisikia mpweke kabla hajaondoka.

Kesho yake saa tisa nilikaa kwenye kigoda.

"Karani, mwambie kwamba lile jibu la jana wasahihishaji watalikubali, mradi atoe ushahidi kutoka ubeti wa tatu mpaka wa tano. Amlaumu mshairi kwa adabu."

"Karani, mwambie baba asante," akasema. Kisha akaongeza, "Mwambie na ile sifuri naomba aifute."

Nikacheka peke yangu kule barazani. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Siku ya safari ilifika wakati barabara zimelowa. Majirani walikuja kumuaga, wakamwambia afanye mtihani vizuri arudi upesi, mzee asije akafa njaa. Yeye akawajibu ndiyo, ndiyo. Nilibeba begi lake nikatangulia, yeye akafuata nyuma kama inavyopasa, tukateremka kuelekea barabarani ambako magari hupakia. Viatu vyake vizuri alikuwa ameviweka begini visipate tope. Alivaa kandambili, na hizo nazifahamu kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Chap, chap, chap, nyuma yangu.

Karani tulimwacha nyumbani, kwa hiyo sikuwa na wa kumtuma. Nikaisemesha njia.

"Mimi ndiye niliyepeleka mshenga," nikasema. "Felix ameoa kwingine. Mtihani ukiisha, asirudi kwa ajili ya ugali wangu. Akitaka kurudi, mlango upo. Asipotaka, wazee nitawaambia mimi kwamba nimemwachia kwa mdomo wangu, na asiulizwe na mtu."

Kandambili zilisimama.

Nami nikasimama. Mbele yangu barabara ilikuwa inaonekana, na gari lilikuwa linapakia magunia. Nyuma yangu kimya. Nilimlaumu mpiga zeze yule mbele ya madarasa yote niliyofundisha, nikawaandikia ubaoni kwamba ni mtu dhaifu. Siku ile nilimwelewa mpaka mifupani. Nilitaka kugeuka. Nilitaka nimwone mtu huyu aliyenifanya ninyoe ndevu ili nizungumze na paka, nijue kama ana macho makubwa, kama anafanana na sauti yake. Nilijua pia kwamba nikigeuka atauona uso wangu ulivyo, na akiuona hataondoka.

"Baba," akasema. Si Karani. Mimi.

"Nenda, mwanangu."

Niliweka begi kando ya njia, mahali pakavu. Kurudi nilikotoka kungenibidi nimgeukie, kwa hiyo nikashika njia ya kanisani, inayozunguka kilima kizima. Nilikuwa nimefika mbali niliposikia mlango wa gari ukibamizwa na injini ikianza kupanda mlima. Nililia, na kwa kuwa njia ile haina watu sikujifuta.

Nilifika nyumbani jua limeegemea mlima. Nikaingia uani, na kwa mazoea nikasogea kando, nikageukia ukuta ili apite.

Nilisimama pale, paji la uso likigusa udongo, nikisikiliza kandambili. Kitu kikanigusa mguuni. Alikuwa Karani, anataka dagaa wake.

"Karani," nikamwambia, "mwambie uji wa asubuhi ulikuwa na sukari ya kutosha."

Karani akaingia jikoni, akakaa humo kidogo, akatoka.