Kinundu Kwenye Mkono wa Galaksi

Kitu cha kwanza Bathsheba alichokiona kwenye jiwe lililoagizwa na mteja ni kinundu, kidogo kama punje ya mahindi, kimekaa kwenye ncha ya mkono mmoja wa umbo lililochongwa. Kwingine kote kaka yake Jethro alikuwa amechonga vizuri: kitovu cha mviringo, na mikono miwili mirefu ikikizunguka kama maji yanayokorogwa.

Kazi ya Bathsheba pale Tabaka, kijiji cha wachonga mawe ya sabuni, ilikuwa kusugua. Jethro akimaliza kuchonga, yeye hulilowesha jiwe kwenye karai na kulipiga msasa mpaka ling'ae. Siku hiyo Jethro alikuwa amelazwa hospitalini, kifua kimembana, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu Pasaka. Bathsheba alikitazama kile kinundu, akamwonea kaka yake huruma. Akakisugua hadi kikaisha.

Jethro hakurudi nyumbani. Wiki mbili baada ya mazishi, Mwalimu Angwenyi, anayefundisha fizikia huko Nyansiongo, alikuja kuchukua jiwe aliloagiza. Alitoa picha ileile aliyomwonyesha Jethro, akaiweka kando ya jiwe.

"Hii ni galaksi," alimweleza mama. "Nyota mabilioni kwa mabilioni. Hapa katikati pana rangi ya manjano kwa sababu ni nyota kongwe. Zile changa zinazaliwa huku mikononi. Mwanga wake umesafiri miaka milioni thelathini hadi kutufikia."

"Milioni thelathini? Na sisi tulidhani wewe ndiye umekawia, mwalimu."

Mwalimu alicheka, akaanza kulifuatisha jiwe kwa kidole, akililinganisha na picha. Kilipofika kwenye ncha ya mkono, kilisimama. Pichani, mahali hapo palikuwa na galaksi nyingine ndogo, imeuvuta ule mkono kuelekea kwake.

"Hii ndogo aliisahau," alisema polepole. "Ndiyo niliyomsisitizia. Lakini si kitu, Mama Jethro. Alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa," mama aliitikia, macho yakiwa chini. "Jethro wangu hakuwahi kusahau kitu cha mteja."

Akaanza kulifunga jiwe kwa gazeti. Bathsheba, ambaye wateja wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake, aliinuka kutoka kwenye karai, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Hakusahau, mwalimu. Aliichonga. Mimi ndiye niliyeisugua."

Mama aliacha kufunga. "Kwa nini, Bathsheba?"

"Nilidhani patasi imemteleza. Hata hospitalini sikumuuliza. Alikuwa bado hai, mama, na mimi nilikuwa nimeshaona kwamba amekwisha."